Dawa ya Ziwa

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kitaji, Musoma mjini, alipiga dawa ya kunguni chumbani kwake. Hakununua ile ya dukani yenye picha ya mdudu. Alitumiwa na ndugu zake wa Bunda dawa ya pamba, akaichanganya na maji kwenye beseni, akawa anainyunyiza kwa ufagio. Nyumba zetu zimeshikana paa, kwa hiyo harufu ilipita juu ya ukuta ikanikuta nachambua mchele. Niliweka ungo chini, nikatoka nje, nikakaa kando ya barabara mpaka jua likaanza kushuka. Wanangu walidhani presha imepanda. Niliwaambia ni joto.

Ni harufu ya kitunguu kilichooza kikalowekwa kwenye mafuta ya taa. Wenzangu wa umri wangu, mliokulia kwenye rasi za ziwa huku kwetu, mnaijua. Wengi wetu tuliinusa utotoni bila kujua tunanusa nini.

Nilikuwa darasa la tatu. Kijiji chetu kilikuwa na ziwa pande tatu, na upande wa nne barabara ya vumbi ya kwenda Musoma. Ile miaka ya kufulia majani ya mpapai na kunywa uji wa chumvi kwa kukosa sukari ilikuwa imepita. Maduka yalikuwa yamejaa tena, sabuni za kila rangi, mitumba imening'inia mpaka kwenye miti. Na malori ya barafu yalikuwa yameanza kuja kununua samaki ufukweni. Mwenye nyavu nzuri alijenga nyumba ya bati. Baba yangu hakuwa na nyavu nzuri. Alizokuwa nazo alizirithi, alizishona na kuzishona tena miaka ile nyuzi zilipokuwa hazipatikani, na magugu maji yalipoingia kwenye ghuba yetu yalizikokota mpaka zikabaki matundu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na siku zile maneno yalizidi kupungua.

Nyumbani tulikuwa watano: Baba, Mama, mimi Nyamisi, mdogo wangu Nyangeta aliyekuwa na miaka mitatu, na Bibi, mama yake Baba. Bibi hakuwahi kubatizwa. Jumapili sisi tulipokwenda kanisani yeye alibaki kutwanga, na tukirudi alituuliza kwa heshima kabisa Mungu amesemaje leo, kama mtu anayeulizia habari za jirani.

Yeye alikuwa na wake. Aliwaita Wabhaso. Jina hilo sijalisikia nje ya nyumba ya bibi yangu. Alisema alilipokea kwa bibi yake, na huyo alilipokea kwa wake. Wabhaso walikuwepo kabla ya maji. Maji yalipokuja yaliwakuta wamekaa, yakawaomba nafasi, nao wakasogea. Mmoja akaingia kwenye jiwe, mmoja kwenye matete, mmoja kwenye ule upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu, mmoja kwenye wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Macho hawana. Wanamjua mtu kwa ladha. Ukinawa ziwani wanaonja mikono yako, wanajua umeshika nini siku hiyo. Mkubwa wao ni mwanamke, Nyabhaso, anayeishi chini ya jiwe jeupe lililokuwa mbele ya kijiji chetu, mahali ambapo Bibi aliweka uji wa ulezi kwenye kibuyu kila mwanzo wa mvua.

Nilimwamini Bibi kwa moyo wote. Shuleni nilifundishwa kwamba mvua inatokana na mvuke, nikaona ni sawa, mvuke nao utakuwa na mwenyewe.

Kati ya yote aliyotufundisha, mawili nilikuwa nayashika kuliko mengine. La kwanza, Wabhaso wakikupa samaki ambao hukuwavua, wa kwanza lazima aliwe na mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, ale peke yake mpaka ashibe, ndipo wengine waguse, ili Wabhaso waujue mdomo wa atakayebaki. Nyumba isiyofanya hivyo haipewi tena. La pili, Wabhaso hawachukui mtoto. Nilimuuliza siku mtoto wa jirani alipozama, nikiwa na hofu ya kuteka maji. Bibi alicheka akanivuta karibu.

"Wamchukue wampeleke wapi?" alisema. "Wale hawajui kubeba mtoto mgongoni. Huyo amezama tu, masikini. Wabhaso hawachukuagi mtoto."

Mwaka ule wa magugu maji Bibi alibadilika. Alikwenda ufukweni asubuhi, akaonja maji kwa kidole, akatema. "Ziwa linaumwa," alimwambia Baba wakati wa chakula. Baba alitafuna bila kujibu. Akarudia kesho yake, na kesho kutwa. "Linaumwa, mwanangu. Mnavua kwenye mwili wa mgonjwa." Mimi nikawa nakwenda shuleni nawaza ziwa limelala chali, lina homa, na yale magugu ni blanketi.

Kisha akaja Mjomba. Mugeta, kaka yake Mama, alikuwa mkulima wa pamba upande wa Bunda. Alifika kwa baiskeli mchana, amefunga kwenye keria kitu kilichoviringishwa kwa gunia. Nilimletea maji ya kunawa. Alikuwa anamwambia Baba, "Nimeleta ile dawa, shemeji. Uwe mwangalifu." Baba aliniona, akasema niende kumsaidia mama yangu. Nilikwenda, ila nilikuwa nimeshasikia, na nilipopita kwenye baiskeli niliinusa ile harufu kwa mara ya kwanza.

Sasa fikirieni mtoto wa miaka tisa. Kwa wiki nzima bibi yake anasema ziwa linaumwa. Baba yake hajibu. Kisha mjomba anakuja kutoka mbali na dawa. Nilielewa papo hapo, na furaha ilinijaa mpaka nikashindwa kula. Baba alikuwa amemsikia Bibi. Kwa sababu ya kanisa hakuweza kusema, ila alikuwa amemsikia, ametuma watu wamletee ziwa dawa.

Asubuhi ya pili yake nilimfuata. Kulikuwa kumepambazuka, jua bado halijatoka, na alikuwa anatembea haraka na lile gunia begani. Nilijificha kwenye matete. Alisukuma mtumbwi mpaka karibu na jiwe jeupe, mahali maji yanapotulia na sato wanapoweka viota, akatoa debe dogo, akamimina. Alimimina taratibu, amegeuza uso pembeni. Nilidhani anageuza uso kwa heshima. Bibi naye alikuwa hatazami pale anapoweka uji. Maji yalipata rangi ya maziwa, yakatandaa.

Halafu samaki wakaanza kuja juu.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Walipanda mmoja mmoja, wakizunguka kama waliolewa, kisha wengi pamoja, matumbo meupe yakigeukia juu, sato wakubwa na wadogo, na furu, wale samaki wadogo, wengi mno kama majani yaliyopukutika. Wengine walikuwa bado wanafungua midomo. Nilijua wanasema. Wabhaso walikuwa wamepata nafuu na hiyo ndiyo shukrani yao. Baba aliwazoa haraka haraka kwa kapu, anawachagua wakubwa, anawaacha wadogo. Ndege wawili weusi waliotua kuwala wale wadogo walikaa juu ya jiwe, wakalala. Niliona wamelala.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Baba alipofika na kapu limefunikwa, Mama aliinua kipande cha gunia akataka kutoa wa mboga. Baba alimshika mkono.

"Hawa hamli," alisema.

"Hata mmoja, Baba Nyamisi? Wiki nzima tunakula mlenda."

"Nimesema hawa ni wa kuuza. Lori linapita sasa hivi. Msiguse."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya muhogo. Alimtazama mwanawe, akatazama kapu, kisu kikasimama. Baba hakumtazama. Aliingia ndani kubadili shati.

Walikuwa wanavunja sharti. Samaki ambao hawakuvuliwa, halafu wauzwe wote bila Nyangeta kuonja hata mmoja. Wabhaso watatufungia samaki, na ziwa litaumwa tena, na kazi yote ya Baba itapotea. Nilidhani Baba amesahau kwa sababu ya kanisa. Nilidhani Bibi amenyamaza kwa sababu hataki kubishana na mwanawe mbele ya watu. Basi ni nani aliyebaki wa kulishika lile sharti kama si mimi? Wakati Baba yuko ndani na Mama ameinama kwenye moshi, nilichomoa sato mmoja wa chini, nikamfunika kwa sketi yangu.

Nilimchukua Nyangeta kwa mkono, nikamwambia tunakwenda kucheza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mawe makubwa, na katikati yake mahali pa watoto kupikia. Niliwasha moto wa vijiti vya muhogo. Sikumpasua samaki, kwa kuwa sikuwa na kisu na kwa kuwa sharti halikusema apasuliwe. Nilimbanika mzima mzima mpaka ngozi ikapasuka na mafuta yakatiririka. Moshi ulificha ile harufu, au labda nilikuwa nimeshaizoea.

Nyangeta alikaa amekunja miguu, ameweka mikono magotini kama mtu mzima. Nilimtolea miiba. Nilimpa mgongo, nikampa mashavu, na lile tumbo lenye mayai ambalo alilipenda kuliko kitu kingine. Alikula kwa kelele, mdomo unang'aa.

"Na wewe, dada?"

"Huyu ni wako peke yako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye utakayebaki."

Alifurahi. Alidhani ni sifa, nami nilidhani hivyo pia.

Jua lilipokuwa utosini alisema tumbo linauma. Kisha akatapika, kisha mikono yake ikaanza kurukaruka yenyewe, macho yakageuka. Mama alipiga yowe. Baba alikuja mbio kutoka ufukweni. Alimbeba, akaweka pua yake kwenye mdomo wa Nyangeta, akabaki hapo kwa muda. Mimi nilidhani anambusu. Alipoinua uso ulikuwa si uso wake. Alikaa chini pale pale vumbini, mtu mzima, na Mama ndiye aliyemwinua kwa kumpigia kelele kwamba achukue baiskeli.

Walikwenda zahanati ya kijiji cha pili, Baba anaendesha, Mama ameketi nyuma na mtoto kifuani. Mama alinisimulia nilipokuwa mkubwa. Mganga wa zahanati aliuliza, "Amekula nini?" na Baba akajibu, "Ugali." Mganga alisema ni degedege la malaria, akasema hana sindano, wawahi Musoma. Walikuwa wamefika kwenye daraja dogo, mji bado mbali, Mama alipohisi uzito umebadilika. Hakumwambia Baba asimame. Aliacha aendelee kukanyaga, mpaka mteremko ulipokwisha.

Waliporudi na watu wakaanza kujaa uani, Bibi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kihenge. Alichuchumaa, akanusa viganja vyangu. Kisha akaniuliza polepole sana.

"Ulimpa nini?"

"Samaki wa Wabhaso," nilisema. "Wa kwanza. Ulivyotufundisha."

Sitasahau alivyofumba macho. Alichota majivu, akaniosha mikono, akaniosha tena, na mara ya tatu, mpaka ngozi ikaniwasha. Hakulia. Aliniambia, "Nyamisi, sikiliza. Hilo hulisemi. Kwa mama yako hulisemi, kwa mwalimu hulisemi, kanisani hulisemi. Ukiulizwa, ulikuwa na mimi, tulikuwa tunamenya muhogo. Yaliyobaki nitayasema mimi."

Na aliyasema. Mzee wa kijiji alipouliza mbele ya waombolezaji ni ugonjwa gani unaoua mtoto kwa nusu siku, Bibi alisimama katikati ya wanawake. Alisema Wabhaso ndio waliomchukua. Alisema alikosana nao, mwaka ule hakuwapelekea uji wao, basi wamejilipa.

Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, na neno lililonijia kichwani ni lile lake mwenyewe: Wabhaso hawachukuagi mtoto. Ningekuwa na akili kidogo zaidi ningejua hapo hapo kwamba bibi yangu anadanganya. Lakini mtoto hawezi kufikiri hivyo. Nilifikiri kosa langu ni kubwa kiasi kwamba wamevunja desturi yao kwa ajili yangu. Labda sikumbanika vizuri. Labda sikupaswa kuiba. Kwa miaka mitano kila nilipoteka maji nilifunga mikono kwa majani ili wasinionje.

Watu walimsikia Bibi na wakamwamini kuliko alivyotaka. Mikoa ya jirani kina mama wazee walikuwa wanakatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo. Kwanza wanawake waliacha kuteka maji naye. Kisha mtoto wa jirani akapata surua, na mawe yakaanza kutua juu ya paa letu. Kanisani mhubiri alisema habari za nyumba zenye madhabahu mbili, huku akimtazama Baba, na Baba alitazama viatu vyake. Nilingoja aseme kitu. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi, na alijua, na hakusema. Baada ya siku arobaini alimpakia mama yake kwenye basi akampeleka Butiama, kwa shangazi yetu, upande wa Mwitongo. Bibi aliondoka na kibuyu na kitenge kimoja. Aliniambia nisome kwa bidii.

Baba aliuza mtumbwi. Nyavu alizichoma. Mama hakumuuliza, na nyumba yetu ikawa nyumba ya kuulizana chumvi tu.

Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa kwa Mjomba kusaidia pamba nikingoja matokeo. Siku ya kwanza ya kupiga dawa alilijaza bomba, akafungua kopo, na ile harufu ikanipiga usoni. Niliona jiwe jeupe. Niliona maji ya maziwa.

"Funga kitambaa puani," Mjomba alisema. "Na usile kitu mpaka unawe. Hii haina mchezo, inaua ng'ombe. Hata samaki inaua, ukiweka kidogo tu wanaelea wote." Kisha akaongeza, bila kufikiri, "Baba yako anaijua."

Alinitazama, na nikamwona anarudi nyuma kwenye kumbukumbu zake, siku ile aliyoleta debe, na msiba aliokuja kuhani siku tatu baadaye. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Aliweka kopo chini. Alikaa kwenye tuta kati ya pamba, bomba likiwa bado mgongoni, akasema, "Nyangeta?" Nikatingisha kichwa kuitikia. Siku ile hatukupiga dawa.

Alinipa nauli ya kwenda Butiama. Bibi nilimkuta anapalilia muhogo, amekonda lakini mikono bado ina nguvu. Nilimwambia yote niliyoelewa, nimesimama hapo hapo shambani. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Nilijua alipomshika mama yako mkono. Mvuvi hawezi kumkataza mkewe samaki." Alifuta udongo kwenye mpini. "Ningesema pale pale. Nilisita kwa sababu ni mwanangu, nikawaza lori litawachukua na aibu itaondoka nao. Sikukuona wewe. Hilo ndilo langu, Nyamisi."

"Kwa nini ulisema Wabhaso?"

"Ningesema nani? Nikisema dawa, baba yako anafungwa, na mama yako anajua mume wake amemuulia mtoto. Wakiuliza zaidi wanakufikia wewe. Wabhaso hawana mtoto wa kutukanwa shuleni. Niliwapa wao. Na mimi nikajiweka katikati."

"Rudi nyumbani, Bibi."

"Nikirudi, wataanza tena kuuliza."

Aliendelea kupalilia. Nilichukua jembe jingine. Tulimaliza mistari mitatu kabla hajasema tena, na alichosema ni kwamba sikumuua mdogo wangu. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayenionyesha mahali jembe lilipopita vibaya.

Nilirudi nyumbani, nikawaambia Baba na Mama. Niliwaweka wote wawili mezani na nikaanza na langu, samaki niliyemwiba na mahali nilipombanika. Sikutaja dawa. Sikuweza. Baba ndiye aliyetaja. Alimgeukia Mama akamweleza kuanzia siku Mjomba alipokuja, bila kujitetea, na alipofika kwenye lile neno lake "hamli" alishindwa kuendelea. Mama alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini, akatoka, akaenda kukaa kwenye yale mawe nyuma ya nyumba. Alikaa huko mpaka jioni. Aliporudi alipika, akaweka chakula cha Baba mbele yake, na kwa mwaka mzima baada ya hapo hakumwita kwa jina lolote.

Jumapili iliyofuata Baba aliomba nafasi kanisani. Alisema mbele ya watu wote kwamba mtoto wake alikufa kwa dawa aliyoiweka ziwani kwa mkono wake, na kwamba mama yake alifukuzwa kwa uongo alioukubali. Hakunitaja. Alisema pia kwamba samaki wengine wa siku ile waliuzwa mjini, na hajui ni nani aliyewala. Hilo mimi sikuwa nimeliwaza. Nilitazama benchi za wanaume, nikitegemea minong'ono, hasira, mtu kusimama. Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Baba mdogo, ndugu yetu wa ukoo mwenye nyumba ya bati, alikuwa anafuta kofia yake kwa kidole, anafuta mahali pamoja. Ndipo nilipoelewa kwamba Baba hakuwa peke yake, na kwamba ghuba yetu ilikuwa imetiwa dawa na mikono mingi. Mhubiri alisema tuimbe.

Baba alikwenda Butiama kumrudisha mama yake. Alikaa siku mbili, akarudi peke yake. Mama alimuuliza mbona hakuja na Bibi, na hayo yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza kwake kwa majuma mengi. Baba akajibu, "Amenipokea. Amenipikia. Amekataa kuja." Kisha akamalizia, akitazama mikono yake: "Amesema miaka yote hii amenibebea jambo langu. Amesema sasa nikae nalo mwenyewe."

Bibi alikufa kule kule, nikiwa kidato cha pili. Tulifika asubuhi, shangazi na wanawake wanamwosha, vijana wa Mwitongo wameshakusanyika na majembe na sururu. Kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Anakaa, anapokea watu, wengine wanamchimbia. Baba alichukua jembe kwa kijana wa kwanza, akaingia pale palipopimwa, akaanza.

Walimwendea wazee wakamwambia si desturi. Aliwaitikia kwa adabu na hakutoka. Ardhi ya pale ina mawe. Tulisikia jembe likigonga, likinyamaza, likigonga. Vijana walikaa pembeni kwenye nyasi, hawajui wafanye nini na mikono yao. Alipozama mpaka kiunoni shati lake lilikuwa limebadilika rangi, na alikuwa anapumua kwa mdomo. Alipozama mpaka kifuani akawa hawezi tena kurusha udongo ukafika juu. Ulikuwa unamrudia miguuni, naye anauchota upya.

Mama alikuwa amekaa na wanawake. Nilimwona anainuka, anajifunga kanga upya, anatwaa karai lililokuwa tupu. Alikwenda mpaka ukingoni, akapiga magoti, akamshushia. Baba aliinua uso akamtazama. Akalijaza karai udongo, Mama akalivuta juu, akamwaga, akalishusha tena.